Mti Uliopata Kazi Redioni

Hamriya, Maskat, nyuma ya msikiti, kwenye kona ambayo jua la alasiri huchoka kabla ya watu, kuna benchi moja la chuma ambalo hakuna anayekiri kulileta. Kushoto kwake ni duka la mshona kanzu, kulia mkahawa wa Mhindi mmoja, Mmalabari, ambaye anawachukia wenye benchi kimoyomoyo, maana kiti cha plastiki wanaazima kwake lakini kahawa wanakuja nayo wenyewe, kwenye thamosi. Thamosi ni ya mzee Thani, Thani Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu tangu awashwe hajazimwa. Pembeni yake hukaa Talal Wizara, mstaafu wa serikali, mtu asiyekosa methali ila methali humkosa yeye. Kisha Wael Injinia, ambaye maisha yake yote alitengeneza mashine za baridi za watu wengine na nyumbani kwake analala na feni. Na wa mwisho ni Hatem, ndiye kijana wao, wanamwita Shahada. Jina hilo linamchoma. Shahada yenyewe ni ya mawasiliano, imetiwa fremu, imetundikwa ukutani kwa mama yake juu ya televisheni, na kuning'inia hapo ndiyo kazi pekee iliyowahi kuifanya.

Siku hiyo Hatem alikuwa kakaa ukingoni mwa benchi, simu juu ya goti, akiitazama kama mtu anayetazama chungu kisichotaka kuchemka. Alkhamisi iliyopita walikwenda mtaa wa Qurum, wote wanne, kumposa Balqees kwao. Wenyewe wakasema, tutakujibuni inshallah. Mpaka leo kimya. Balqees naye alimwandikia neno moja tu tangu asubuhi: "Upo kijiweni?" Akajibu: "Nipo." Ujumbe ukasomwa, bas.

— Watajibu tu, mwanangu — Thani alisema, akimmiminia kahawa. — Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Huo mshindo ndio ninaouogopa, ami Thani. Nani alikwambia useme mimi mudir, mkurugenzi mzima?

— Mudir wa mawasiliano, nlisema.

— Mudir wa mawasiliano wa wapi?

— Hawakuuliza wapi. Baba mtu kauliza, kijana anafanya kazi gani? Ulitaka nimjibu nini, bahith an amal? Nani anampa bintiye mtafuta kazi? Wewe umesomea mawasiliano, simu haikutoki mkononi usiku na mchana. Kwani huwasiliani?

— Mchagua jembe si mkulima — Talal Wizara akaunga mkono, na hakuna aliyejua anamuunga nani.

— Na kahawa je? — Hatem alipandisha sauti mpaka mshona kanzu akasimamisha cherehani. — Wallahi nlitaka ardhi ipasuke niingie. Mtu akenda kuposa, finjani anaiweka chini. Hainywi! Anasema, haja yetu kwanza, kahawa baadaye. Kila mtu Maskat hii anajua. Wewe ukanywa! Hata hatujajibiwa, ushakunywa, na nyengine ukaomba!

— Ilikuwa na zafarani — Thani alisema kwa huzuni.

— Ulilegeza skrubu hapo, Thani — akasema Wael Injinia. — Mtu ushamnywea kahawa yake, kitu gani tena kitamharakisha kukujibu?

— Na mimi kila nikifumbua mdomo unanikanyaga mguu! — Hatem hakuwa amemaliza. — Baba mtu, Bwana Hisham, kaniuliza mimi, kwa jina langu, unapenda kusoma vitabu gani? Nani kajibu? Wewe! "Huyu anapenda kuvua samaki Yiti." Yiti! Mimi Yiti sijawahi kuvua hata kiatu! Ulinikalisha pale kama mtoto wa bandia.

Uso wa Thani ukanawiri ghafla, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichosahau kuwa kapoteza.

— Mtoto wa bandia! Alhamdulillahi, umenikumbusha. Nyie mwamkumbuka Kijiti?

— Ya akhi, mimi nazungumzia maisha yangu hapa...

— Msellem na Kijiti! — Wael akapiga paja. — Redioni, kule Unguja!

Hatem akajua khalas, keshakosa zamu. Benchi hili lina tabia moja: huzuni ya mtu mmoja hupewa muda wa kikombe kimoja, kisha hugeuzwa mlango wa kupitia kwenda kwenye jambo lisilomhusu.

— Huyu Shahada hamjui — Thani alisema, akijiweka sawa. — Sikiliza. Sie wadogo, Unguja, redio moja mtaa mzima. Alkhamisi, watu wamekaa mpaka barazani. Msellem mtu, mtu hasa, ana mke na watoto. Kijiti mtoto wa bandia, wa mti, kavaa kofia, anakaa gotini kwa Msellem. Msellem anaanza kwa adabu: "Asalaam alaykum, mabibi na mabwana." Kijiti anamkata: "Mabwana wapi? Mie naona kofia tu, ndani hamna watu!"

Wazee watatu wakacheka kicheko cha umri wa miaka saba.

— Sauti ya Msellem nzito, ya Kijiti nyembamba kama ya jogoo aliyebalehe jana — Thani akaendelea. — Wanagombana, wanaombana radhi, wanaimba pamoja. Na yote mtu mmoja! Na midomo ya Msellem haitikisiki. Hata kidogo!

— Uliiona wapi? — Hatem aliuliza.

— Kitu gani?

— Midomo. Ilikuwa redio, ami. Re-di-o. Nani aliona kama inatikisika au haitikisiki? Angeweza kuitikisa mpaka ikang'oka!

Wazee wakawa kama watu waliokamatwa lakini hawajakubali kupelekwa. Hatem akaonja ushindi mdogo, wa kwanza tangu Alkhamisi.

— Elimu hii — Talal Wizara alisema polepole — ndiyo iliyokukosesha kazi.

— Haikutikisika — Thani akakaza. — Mie nlikuwa naisikia kuwa haitikisiki. Yule bwana alikuwa akisema kwa tumbo. Alisomeshwa na fundi mmoja Pemba. Siku ya kipindi hali, hanywi, tumbo linabaki tupu kama ngoma, maneno yanapita. Ndo maana Kijiti alikuwa na lafudhi ya Kipemba na Msellem ni mtu wa Malindi ya Unguja mjini. Utanambia nini hapo?

— Uongo — akasema Wael Injinia. — Samahani, Thani, wewe rafiki yangu, lakini hilo jambo la kiufundi, halitaki ushabiki. Tumbo halina sauti, lina njaa tu. Kulikuwa na nyaya mbili. Mmoja unakwenda kwenye kipaza sauti, mmoja umepita chini ya kanzu mpaka kiunoni. Na Msellem alikuwa kameza ile taa ya ndani ya redio. Zile taa za zamani, ndogo, za kioo.

— Kameza taa?

— Kameza. Ikawa inashika sauti kutoka ndani. Ndo maana alipokuwa akipita karibu na redio za watu, zinapiga mluzi zenyewe.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa — Talal akathibitisha.

— Taa ya kioo, ami Wael, tumboni kwa mtu, na inawaka? — Hatem aliuliza. — Umeme anapata wapi?

— Ndo nakwambia waya!

— Nyie wote mmepotea — Talal Wizara alivuta kanzu yake mbele kama yumo mkutanoni. — Mie nimefanya kazi ofisini, najua siri za serikali zinavyonuka. Kijiti hakuwa mti. Kijiti alikuwa na faili. Marehemu ami yangu aliliona kwa macho yake, faili limeandikwa jina lake juu. Na serikali haimfungulii faili mti.

— Lilikuwa na nini ndani? — Thani akauliza.

— Matusi. Kijiti alimtukana mudiri, mkubwa wa wilaya. Redioni! Alisema, "Mudiri wetu mtu mkubwa sana, akipita mlangoni, tumbo linasalimia kwanza, yeye anafuata." Usiku ule ule wakaja polisi. Sasa wamkamate nani? Msellem anaapa, mimi sikusema, mmenisikia nyote, mimi nilimkataza! Na kweli, alimkataza, mji mzima umesikia. Basi wakamkamata Kijiti.

— Wakamkamata mtoto wa bandia — Hatem alisema.

— Wakamtia ndani. Msellem kila siku yuko nje ya jela na bakuli la uji. Na kule ndani walimhoji yule. Walimhoji! Hakufungua mdomo. Hakumtaja mwenzake. Hakusema neno hata moja mpaka wakachoka wakamwachia. — Talal aliinua kidole. — Mti huo? Mwanamme!

Hata Hatem alicheka, hakutaka lakini kicheko kilimtoka kwa nguvu, kahawa ikampalia. Wael akampiga mgongoni. Kwa dakika chache akasahau Qurum. Kisha kicheko kikapoa, na chini yake lile jiwe lake lilikuwa pale pale.

Maana alifikiri: huyo Kijiti, mti, gogo lililochongwa macho, alikuwa na kazi. Kila Alkhamisi, redioni, watu wanamngoja. Hakuulizwa una ekspiriens ya miaka mingapi. Hakuambiwa tutakupigia. Yeye Hatem, aliyesomea redio yenyewe, aliyefundishwa na maprofesa watatu namna ya kushika kipaza sauti, intavyuu ya mwisho aliyofanya aliulizwa na kompyuta, na kompyuta ikamshukuru kwa muda wake.

— Mie nlimpenda yule — Thani alisema, na sauti yake ikapungua mshindo. — Nlidhani yumo ndani ya redio. Nlikuwa nikimwekea kipande cha mkate wa ufuta, kwa nyuma pale, penye vitundu. Asubuhi nakuta hakipo. Nikasema, kala. Kumbe sisimizi. Mama alinitandika. Nikamwambia, mama, lakini Msellem hampi kitu, anamsemesha tu!

— Wewe hujui mwisho wake — Wael Injinia akainuka kabisa kwenye benchi, maana nadharia aliyokuwa nayo haikuweza kusemwa kwa kukaa. — Mwisho wake ndio wa kutisha. Msellem alikufa Jumaane. Wamemzika Jumaane hiyo hiyo. Alkhamisi, watu wamewasha redio kwa mazoea tu. Wakasikia: "Asalaam alaykum, mabibi na mabwana!"

— Kijiti? — Thani akashika kofia.

— Kijiti! Peke yake!

— Kanda hiyo, ami Wael. Ilikuwa imerekodiwa.

— Kanda gani? Akaomboleza, akawataja waliokuja mazikoni na wasiokuja! Kanda itajua nani hakuja mazikoni? Nakwambia Msellem kashakufa! Kafa! Kalala kaburini, na mwenzake...

— Nani kafa?

Sauti ilitoka nyuma yao. Gari kubwa jeupe lilikuwa limesimama mbele ya mkahawa, vioo vyeusi vimefungwa, injini inanguruma taratibu. Aliyeshuka alikuwa bibi mmoja mfupi wa baibui, fimbo mkono mmoja, simu mkono wa pili. Wanawake hawasimami kwenye benchi lile. Hata wake za wenye benchi, wakipita, hupita upande wa pili na kuwapigia simu kutoka huko.

Hatem alimjua kabla hajaambiwa. Ile pua alikuwa akiipenda kwa mtu mwengine.

— Bi Hamdiya! — Thani alisimama, wote wakasimama. — Karibu, karibu, Bi Hamdiya. Huyu ni nyanyake Balqees — aliwanong'oneza wenzake, kwa nguvu kiasi cha kusikika mtaa wa pili, Ruwi.

— Nimeuliza, nani kafa?

— Msellem — Wael alijibu, kofia mkononi. — Yule wa redioni. Wa Kijiti.

— Ah. — Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki, Wael akakishikilia kisiteleze. — Msellem na Kijiti. Kwetu redio ilikuwa ukumbini, kwa wanaume. Sie wanawake tukiwasikiliza kwa nyuma ya mlango. Mie nshazoea milango.

Akawatazama mmoja mmoja.

— Na Alkhamisi pia nlikuwa nyuma ya mlango.

Hatem akaitia simu mfukoni. Pale majlisi, ukumbi wa wanaume, waliwakalia wanaume uso kwa uso, wakawachekea, wakawanyenyekea, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kuwa katika nyumba zile neno la mwisho halikai majlisi.

— Nyie mlikuwa mkitizamana — Bi Hamdiya akaendelea. — Kwangu mie ilikuwa redio. Viatu mlangoni vya watu wanne. Sauti nlosikia moja. Moja, na mtu mwengine akikohoa.

Talal Wizara akakohoa.

— Ndo huyo. Basi nimekaa nasikiliza, nikangoja, nikasema, mposaji atasema saa hizi. Hakusema. Na kwenye redio, asiyesema hayupo. Nimekuja kumtafuta aliyekosekana.

— Bi Hamdiya, kwanza kahawa — Thani alimimina upesi. — Kijana wetu huyu ana haya tu. Lakini kwa tabia, kwa dini, kwa kazi...

Bibi alipokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaitazama. Kisha akaiweka chini, kwenye ukingo wa benchi, bila ya kuigusisha mdomoni.

— Haja yangu kwanza — alisema.

Thani akakaa. Alikuwa kama daktari aliyechomwa sindano yake mwenyewe.

— Nyie wanaume mlikuwa mkigombana Msellem anafanyaje. Kwa tumbo, kwa koo, kwa shetani. Na naona mpaka leo hamjamaliza. Sie nyuma ya mlango hayo hatukuwa nayo. Tulikuwa tukiulizana kitu kimoja tu. — Akaegemea fimbo. — Siku Msellem akinyamaza, Kijiti atasema nini?

Akangoja.

Thani Redio, mwenye nadharia ya tumbo, alitazama thamosi. Wael Injinia, mwenye waya na taa, alitazama juu kwenye mashine ya baridi ya Mmalabari, ambayo ilikuwa ikidondoka maji. Talal alitafuta methali, midomo ikamcheza, haikuja hata ya makosa.

— Yeye... — Thani akaanza.

Bi Hamdiya akainua kiganja. Redio ikazimika.

Macho yote yakamgeukia Hatem. Na Hatem, mwenye ulimi ambao mama yake anasema ungekata kitunguu, aliyekuwa na jawabu kwa kila mtu tangu alasiri, aliufungua mdomo ukatoka upepo mtupu. Akaujaribu tena. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya ajabu, kama ya jogoo aliyebalehe jana.

— Sina kazi, Bibi.

Akasogea mbele ya Bibi.

— Mimi si mudir. Si wa mawasiliano wala wa kitu chengine. Nimesoma, nimemaliza, nimeomba kila mahali. Yiti sijawahi kuvua. Nlipaswa kuyasema haya pale pale, nlinyamaza kwa sababu... — akamtazama Thani, akaona ingekuwa rahisi, akaacha. — Nlinyamaza kwa sababu ule uongo ulikuwa mtamu. Nilimsikia huyo mudir, hata mimi ningempa binti. Balqees anajua kila kitu, yeye sijamdanganya. Saa nyengine naamka na ghadhabu tu, nagombana na mlango. Lakini nampenda, na nlitaka nije niliseme hilo, ndilo nililovalia kanzu mpya.

Akapumua.

— Na vitabu. Baba yake aliniuliza napenda vitabu gani. Vya historia. Na vya mapishi.

— Unajua kupika? — Bibi aliuliza.

— Hapana. Nasoma tu.

Kioo cheusi cha gari kilikuwa kimeteremka, kadiri ya vidole vinne. Ndani yake kulisikika kicheko alichokijua Hatem, kimebanwa kwa kiganja kisitoke.

Bi Hamdiya hakugeuka. Aliitazama ile finjani ukingoni mwa benchi, ilikuwa imeshapoa zamani, imefanya utando juu. Akaichukua. Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, baridi hivyo hivyo. Wazee wakatazamana.

Kisha akaunyoosha mkono na finjani yake. Mtu aliyetosheka huitikisa, kulia kushoto, kila mtu anaelewa bila ya neno. Yeye hakuitikisa. Aliishikilia pale, imetulia, inangoja nyengine.

Thani akaikamata thamosi kwa mikono miwili, akainamisha. Likatoka tone moja. Akainamisha zaidi. Ukatoka upepo.

— Kahawa imekwisha, Bi Hamdiya — alisema, na watu wa Hamriya wanasema hilo ndilo neno fupi kuliko yote aliyowahi kuyasema hadharani.

— Imekwisha? — Bibi alisimama, Wael akashika kiti. Akamrudishia Thani finjani, akajitengeneza baibui. — Basi mtakuja kuimalizia kwetu. Alkhamisi. Mwanangu Hisham ana mambo ya kumuuliza huyu kijana, na safari hii mlango nitauacha wazi.

Alikuwa keshafika garini aliposimama, akageuka nusu.

— Nawe Thani njoo. Lakini uje na mdomo wa kunywia tu.

Thani alitaka kujibu. Kifua kikajaa, kidole kikapanda, wenzake wakamtumbulia macho. Lakini hakusema. Na midomo yenyewe, safari hii wote waliiona kwa macho yao mchana kweupe, haikutikisika hata kidogo.